Jan Łukasiewicz: Mpoland aliyeandika hesabu bila mabano

Fungua kikokotoo cha simu yako, andika 2 + 3 × 4. Simu nyingi zitakupa 14. Ukienda tu kutoka kushoto kwenda kulia unapata 20. Lugha ya Python nayo inasema 14, kwa sababu kuzidisha kumepewa kipaumbele mbele ya kujumlisha. Ukiitaka 20, lazima uweke mabano: (2 + 3) * 4.

Sasa, kuna mtu aliyeonyesha kwamba huu mpangilio wote wa nani atangulie si wa lazima. Anaitwa Jan Łukasiewicz, jina linalotamkwa karibu na Wukashevich.

Alizaliwa tarehe 21 Desemba 1878 mjini Lwów, wakati huo ukiwa chini ya himaya ya Austria na Hungaria. Leo mji huo ni Lviv, nchini Ukraine. Baba yake alikuwa ofisa wa jeshi. Kijana alianza kusomea sheria, akaiacha, akahamia falsafa na hisabati, na mwaka 1902 akapata udaktari. Mwaka 1915 akaenda kufundisha Chuo Kikuu cha Warsaw. Baada ya Poland kupata uhuru wake, mwaka 1919 akawa waziri wa dini na elimu katika serikali ya Paderewski. Siasa hakukaa nayo sana. Alirudi darasani, akawa mkuu wa chuo hicho mara mbili, na kati ya waliosoma kwake yumo Alfred Tarski, jina kubwa kabisa katika mantiki.

Mantiki ndiyo ilikuwa kazi yake hasa: sentensi zinazoungwa kwa "na", "au", "kama". Hapo mabano humjaza mtu karatasi nzima. Mwaka 1924 akapata wazo. Badala ya kuweka alama katikati ya vitu viwili, iweke mbele yao. 2 + 3 inakuwa + 2 3.

Inaonekana mchezo wa kitoto, lakini angalia kinachotokea. + 2 * 3 4 maana yake ni moja tu: jumlisha 2 na kile kinachotokana na 3 mara 4. Jibu 14. Ukitaka 20, unaandika * + 2 3 4. Hakuna mabano, wala hakuna sheria ya kukariri kuhusu nani ana nguvu kuliko mwenzake. Nafasi ya alama yenyewe inakwambia uanze wapi.

Kwa anayeanza kujifunza programu, shida hii haiko kwenye namba peke yake. Tuseme unaandika programu ya mlangoni kwenye ukumbi, na unataka aingie mwalimu au mwanafunzi, ila awe amelipa. Ukaandika hivi:

mwalimu or mwanafunzi and amelipa

Python inaitanguliza "and" kabla ya "or". Kwa hiyo inakuelewa hivi: mwalimu aingie, au mwanafunzi aliyelipa aingie. Walimu wote wanapita bure! Programu haitalalamika, wala hutaona ujumbe wa kosa. Utagundua jioni unapohesabu pesa. Dawa yake ni (mwalimu or mwanafunzi) and amelipa.

Łukasiewicz alitumia K kwa "na", na A kwa "au" (kwa bahati inaendana na Kiswahili chetu). Maana ya kwanza kwake ni ApKqr, ya pili ni KApqr. Herufi zile zile, ila huwezi kuzichanganya.

Na kwa waliosoma Tanzania, ile MAGAZIJUTO ya shule ya msingi, yaani Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa, inasaidia lakini ina mtego. Chukua 10 - 4 + 3. Ukiifuata neno kwa neno utajumlisha kwanza, 4 na 3 ni 7, kisha utoe, ubaki na 3. Python itakupa 9. Kujumlisha na kutoa vina kipaumbele sawa, na vikikutana unakwenda kutoka kushoto. Kugawanya na kuzidisha ni vivyo hivyo.

Turudi Warsaw. Septemba 1939 Ujerumani iliivamia Poland, mabomu yakaiteketeza nyumba ya Łukasiewicz pamoja na vitabu, barua na maandishi yake. Vyuo vikafungwa na wavamizi, yeye akaendelea kufundisha kwa siri. Julai 1944, wiki chache kabla ya maasi ya Warsaw, aliondoka na mkewe Regina kwenda Münster, Ujerumani, kwa msaada wa mwanamantiki mwenzake Heinrich Scholz. Vita vilipoisha wakaenda Ubelgiji. Mwaka 1946 Ireland ikampokea, akapewa uprofesa katika Royal Irish Academy, Dublin. Alikuwa na miaka 67, anaanza upya ugenini. Mwaka 1951 bado alitoa kitabu kuhusu mantiki ya Aristotle. Alifariki Dublin tarehe 13 Februari 1956.

Wahandisi wa kompyuta walikuwa wameanza kulichukua wazo lake, maana mashine husoma kwa urahisi zaidi maandishi yasiyo na mabano. Wengine waliligeuza, alama ikaja mwisho: 2 3 + 4 *. Mwaka 1972, kampuni ya Hewlett-Packard ilitoa kikokotoo cha mfukoni, HP-35, kinachofanya kazi kwa mtindo huo. Unabonyeza 2, ENTER, 3, +, 4, ×, na 20 inatokea. Kitufe cha = hakikuwepo kabisa.