Hans Meyer na Mlima wa Kilimanjaro

Ninyi mkaao Njombe mwaijua baridi kuliko watoto wengi wa nchi yetu. Katika mwezi wa Juni na Julai, kukicha, majani ya mabondeni huwa meupe kwa umande ulioganda, na aendaye kuteka maji hupuliza vidole vyake njia nzima. Wenzenu wa Makambako nao wanaujua upepo. Tena magharibi ya Njombe iko milima ya Kipengere, na mmojawapo wa vilele vya huko ni Mtorwi, ambao kimo chake ni mita 2,961 juu ya bahari. Basi mtoto atakaye kufahamu ukubwa wa Kilimanjaro, na autwike Mtorwi mmoja juu ya kichwa cha Mtorwi mwingine. Hiyo miwili pamoja itaupita Kilimanjaro kwa mita 27 tu.

Habari hii ni ya Hans Meyer, aliyefika juu ya mlima huo mwaka 1889, wa kwanza katika wale ambao habari zao ziliandikwa. Alikuwa amekwisha kushindwa mara mbili.

Hans Meyer alizaliwa tarehe 22 Machi 1858, katika mji wa Hildburghausen, huko Ujerumani, nchi ambayo wazee wetu waliiita Udachi. Babu yake alianzisha kazi ya kupiga vitabu chapa, na baba yake akaiendeleza mpaka ikawa kubwa sana katika mji wa Leipzig. Kijana huyo, basi, alikua katikati ya vitabu na ramani, wala hakupungukiwa na fedha. Alipokwisha masomo yake alisafiri katika nchi nyingi za mbali, kisha akaingia katika kazi ya baba yake. Lakini moyo wake haukutulia mezani. Alitaka kuujua mlima wa Afrika wenye theluji.

Mlima huo ulikuwa umeleta mabishano makubwa Ulaya. Mwaka 1848 Johannes Rebmann, mwalimu wa misioni aliyekaa Rabai karibu na Mombasa, alifika nchi ya Wachaga akaona weupe juu ya kilele, naye akaandika kwamba ni theluji. Wataalamu wengine waliokaa London, ambao hawajapata kuiona Afrika kwa macho yao, walimcheka. Walisema haiwezekani theluji kukaa karibu na ikweta, penye jua kali namna ile. Ilipita miaka mingi kabla maneno yake hayajakubaliwa na wote. Mwaka 1871 mwalimu mwingine wa misioni, Charles New, alipanda mpaka akaigusa theluji yenyewe. Wengine wakamfuata, na kila mmoja alirudi bila kufika juu.

Meyer alijaribu mara ya kwanza mwaka 1887. Mareale, Mangi wa Marangu, alimpokea vizuri, naye akapanda pamoja na mwenzake von Eberstein. Mwenzake alichoka akabaki nyuma. Meyer aliendelea peke yake mpaka akafika mbele ya ukuta wa barafu, mgumu kama kioo, nao ukamzuia. Hakuwa na zana za kuikata barafu, wala hakuwa na mtu wa kumshika kwa kamba kama akiteleza. Akageuka, akashuka.

Mwaka wa pili alikuja tena na Oscar Baumann, pamoja na msafara mkubwa wa wapagazi. Safari hii hata mlima hawakuukaribia. Walipokuwa Usambara, watu wa pwani waliondoka kupigana na Kampuni ya Wadachi iliyotaka kuitawala nchi yao, na mkuu wao alikuwa Bushiri bin Salim. Wapagazi walitawanyika. Meyer na Baumann walikamatwa, wakafungwa minyororo, wakakaa katika hali ya hofu kubwa, mpaka ilipolipwa fidia ya rupia 10,000 ndipo wakaachwa. Mizigo yao yote ikapotea. Mtu mwingine angesema kwamba nchi hii imemkataa.

Lakini Meyer aliporudi kwao aliketi akayafikiri sababu za kushindwa kwake, na nadhani hapo ndipo alipoanza kuupanda mlima kwa kweli. Aliona mambo mawili. La kwanza, alihitaji mwenzi aliyezoea barafu. Akamwomba Ludwig Purtscheller, aliyekuwa mwalimu wa mazoezi ya mwili katika mji wa Salzburg, huko Austria, mtu aliyekwisha kupanda mamia ya vilele vya milima ya Alps. La pili lilikuwa chakula. Wote waliotangulia walipanda na chakula cha siku chache. Mbingu zikifunga kwa mawingu, au mtu akiugua, chakula kilikwisha, ikawalazimu kushuka mpaka chini kabisa na kuanza upya. Meyer aliazimu kuweka kambi mlimani kama vidato vya ngazi, na kutoka kambi hata kambi wapagazi wapandishe chakula na kuni. Hivyo yeye na mwenzake wangeweza kukaa juu siku nyingi, na wakishindwa leo wajaribu tena kesho kutwa.

Mwaka 1889 vita vya Bushiri vilikuwa havijaisha. Kwa hiyo walianza safari yao Mombasa, wakapita nyika kavu ya Taita, wakapumzika Taveta, na mwezi wa Septemba ulipokaribia kwisha waliwasili Marangu. Mangi Mareale aliwakaribisha tena. Huko wakaacha sehemu kubwa ya watu na mizigo, wakachagua kundi dogo la kupanda: wanyapara wawili, wapagazi tisa, mpishi mmoja na kiongozi wa njia. Wazee wa Marangu walisimulia kwamba kiongozi huyo alikuwa kijana wa kwao, Yohani Kinyala Lauwo, na mwaka 1989, ilipotimia miaka 100, Lauwo alipewa heshima kwa ajili ya jambo hilo.

Juu ya migomba ya Wachaga unaanza msitu. Mtu aliyezoea vilima vya Ubena, vilivyo wazi kwa majani, angestaajabu kuuona. Miti yake ni mirefu na minene, na matawi yake yameninginizwa kuvu kama ndevu za wazee. Jua haliingii vizuri, nchi ni tope, mizizi inateleza, na kila jani linadondosha maji. Wapagazi walipita humo na mizigo yao vichwani, na wengi wao walikuwa watu wa pwani, waliozoea joto na mchanga. Walipotokea upande wa juu wa msitu walipiga kambi. Hapo baadhi yao wakaachwa, kazi yao ikiwa kupokea chakula kutoka Marangu na kukipeleka juu.

Juu ya msitu miti inafupika, kisha inakwisha. Yako majani magumu, na mimea ya ajabu yenye shina nene na kichwa cha majani makubwa, mirefu kupita mtu. Hata hiyo nayo inakwisha. Hatimaye wasafiri wakafika katika uwanda mkavu wa mawe na mchanga, katikati ya vilele viwili, Kibo mwenye theluji na Mawenzi mwenye majabali yaliyochongoka. Hapo, katika kimo kipitacho mita 4,000, wakasimamisha hema ndogo. Wapagazi wakatua mizigo, wakarudi chini mara moja, maana hapakuwa na nafasi wala nguo za kuwatosha wote.

Mtu mmoja tu alibaki pamoja na Meyer na Purtscheller. Jina lake Mwini Amani, mtu wa Pangani. Ninyi mliopata kuamka kabla ya jua huko Njombe na kukanyaga umande ulioganda, mfikirini mtu huyu, aliyezaliwa kando ya bahari, mahali ambapo usiku mtu hulala bila kujifunika. Alikaa katika kambi ile muda wa siku 16. Maji yaliganda katika vyombo usiku. Wenzake wawili walipokuwa juu ya barafu, yeye alikaa peke yake, akilinda hema, akitunza moto kwa kuni chache zilizopandishwa kutoka chini, asijue kama watarudi. Meyer aliandika baadaye kwamba mtu huyu hakunung'unika. Asingekuwako Mwini Amani, wale wawili wangerudi jioni na kukuta hema baridi, bila moto wala chakula.

Tarehe 3 Oktoba, usiku wa manane, Meyer na Purtscheller waliwasha taa wakatoka kuelekea Kibo. Walipanda juu ya mawe yanayoporomoka, hata jua likawakuta katikati ya mteremko. Walipofika penye barafu walivaa miwani ya rangi nyeusi, kwa kuwa mwanga wa jua juu ya theluji huharibu macho, wakafungana kwa kamba kiunoni. Purtscheller akatangulia na shoka lake. Barafu ilikuwa ngumu sana hata ikampasa kupiga mapigo kama 20 ili kupata mahali pa kuweka mguu mmoja tu. Akapiga, akapanda hatua moja, akapiga tena. Chini yao kulikuwa na mteremko ambao mtu akiteleza hasimami.

Jambo jingine liliwatesa. Katika kimo kile hewa ni nyepesi, na kila pumzi humletea mtu karibu nusu tu ya kile apatacho mtu wa pwani. Kichwa huuma, moyo hupiga mbio, miguu huwa mizito. Kila baada ya hatua chache walisimama, wakaegemea mashoka yao, wakihema. Hata kama saa nane za mchana wakafika ukingoni, na mara wakaona jambo lisilopata kuandikwa na mtu ye yote. Kumbe juu ya Kibo pana shimo kubwa la mviringo, maana mlima huu ulikuwa wa moto zamani, na shimo lile lina barafu pande zote. Lakini waliona pia kwamba kilele kirefu kuliko vyote kiko mbali bado, upande wa kusini wa ukingo ule. Ingewachukua muda mrefu kufika, na usiku ungewakuta huko bila hema.

Wakageuka. Siku ile, naona, ndiyo iliyokuwa ngumu kupita zote, kuiona haja ya moyo iko mbele ya macho na kuipa kisogo. Lakini tofauti na mwaka 1887, Meyer hakushuka mpaka Marangu. Alishuka mpaka kwa Mwini Amani, akala, akalala, akapumzika siku nzima.

Tarehe 5 Oktoba walipanda tena, wakalala katika pango la mawe lililo juu zaidi ya kambi, ili kupunguza safari ya kesho. Wakatoka saa tisa za usiku. Vile vidato walivyovichonga siku tatu kabla vilikuwako bado, na kwa hiyo walifika ukingoni asubuhi, nguvu zao zingali mwilini. Wakaufuata ukingo, na saa nne na nusu, tarehe 6 Oktoba 1889, wakasimama juu ya jabali lililo juu kuliko yote katika Afrika. Siku hiyo Purtscheller alitimiza miaka 40.

Meyer alisimika bendera ndogo ya Ujerumani, akakiita kilele kwa jina la Kaisari Wilhelm. Alitoa jina hilo kana kwamba mlima haukuwa na wenyewe, lakini Wachaga walikuwa wakiuita Kibo tangu kale. Alipima kimo akadhani kinapita mita 6,000. Vipimo vya siku hizi vinasema 5,895. Akachukua na mawe ya kileleni, na moja alimpelekea Kaisari.

Hawakushuka upesi. Chakula kilizidi kuletwa kutoka msituni, nao wakakitumia kujaribu Mawenzi mara kadhaa. Mawenzi si mrefu kama Kibo, ila mawe yake yameoza na kusimama wima kama kuta, na kila wanaposhika jiwe linakatika. Kilele chake cha juu hawakukifikia. Mwisho wa Oktoba walirudi chini wote.

Mwaka 1898 Meyer aliupanda Kilimanjaro tena, akaona kwamba katika miaka ile tisa tu barafu ilikuwa imepungua. Akaandika jambo hilo, na kupungua huko hakujakoma mpaka leo. Baadaye alisafiri Ecuador na Burundi, akaandika vitabu, akawa mwalimu mkuu katika chuo cha Leipzig. Purtscheller alifariki mwaka 1900, baada ya kuumia vibaya katika milima ya Alps. Meyer alifariki Leipzig tarehe 5 Julai 1929.

Jina la Kaisari halimo tena mlimani. Tanganyika ilipopata uhuru, mwezi wa Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alipandisha bendera ya nchi na mwenge juu ya Kibo, na kilele kikaitwa Uhuru. Jina la Meyer limebaki juu ya pango la mawe alilolala, na juu ya kilele cha Mawenzi kilichomshinda, ambacho wa kwanza kukifikia walikuwa Eduard Oehler na Fritz Klute, mwaka 1912.