Mwanafunzi wa Koridoni: William Seymour

Wapendwa, jina la William Joseph Seymour tunalitaja sana tukizungumzia uamsho wa Azusa. Lakini kuna mahali tunaparuka haraka, na mimi leo nataka tukae hapo kidogo. Ni kwenye korido.

Seymour alizaliwa Louisiana, Marekani, mwaka wa 1870. Wazazi wake walikuwa wametoka utumwani. Alifanya kazi ya weita, akaugua ndui, jicho la kushoto likapofuka. Mapema 1906 alikuwa Houston, Texas, ambako mhubiri mzungu, Charles Parham, aliendesha shule ya Biblia. Parham alifundisha kwamba ishara ya ubatizo wa Roho Mtakatifu ni kunena kwa lugha. Sheria na desturi za huko hazikukubali mweusi akae darasani na wazungu. Basi Seymour akawekwa nje, koridoni, mlango ukaachwa wazi, akasikiliza kutoka huko.

Hebu fikiria, mtu mzima wa miaka 35! Mimi ningeshika njia nirudi nyumbani.

Na kumbuka, yeye mwenyewe alikuwa hajanena kwa lugha hata siku moja. Nilisoma biashara chuoni, na kule tulifundishwa mtu hatoi mtaji kabla ya kuona hesabu. Seymour alitoa kwanza. Februari mwaka huohuo aliitwa kuhudumu katika kanisa dogo Los Angeles. Akahubiri Matendo 2:4, kitu ambacho hajakipata. Aliporudi kwa ibada nyingine alikuta mlango umefungwa. Sasa uko jiji geni, kanisa hakuna, na somo lililokuponza bado hujalionja.

Edward Lee akampokea nyumbani kwake. Maombi yalihamia baadaye kwa familia ya Asberry, mtaa wa Bonnie Brae. Tarehe 9 Aprili Lee akanena kwa lugha, na wengine wakafuata. Mwalimu bado! Seymour alipokea tarehe 12.

Watu wakajaa mpaka nyumba ikawa ndogo. Wakahamia 312 Azusa Street, jengo la zamani la kanisa lililokuwa limegeuzwa stoo na zizi. Kwa karibu miaka 3 kulikuwa na ibada mara 3 kwa siku. Weusi, wazungu na Wameksiko walipiga magoti pamoja, wakati ambapo jambo hilo lilikuwa aibu mjini. Mimi naona hapa korido ya Houston ilikuwa imemfundisha kitu ambacho Parham hakukifundisha. Kwa Seymour hakuna aliyewekwa nje.

Lilimgharimu. Oktoba 1906 Parham alifika Azusa, akachukizwa na mchanganyiko ule, akaukemea. Wazee wa Azusa hawakumkubalia, naye akaenda kuanzisha mikutano yake karibu na hapo. Seymour angeweza kumtuliza mwalimu wake kwa kutenganisha viti tu. Hakufanya hivyo. Mwaka wa 1908 gazeti lao, pamoja na orodha ya anwani za wasomaji, lilihamia Portland, na umati ukapungua.

Alifariki tarehe 28 Septemba 1922, akiwa bado mchungaji palepale Azusa, na waumini wachache tu. Mke wake, Jennie, ndiye aliyeendelea kuwachunga.