MWENYE HOTELI JUU YA MUGUMO

Nani kati yetu hajapanda matatu hapa Kiriaini, akapita Othaya na kuteremka Nyeri? Mjini humo kuna hoteli kongwe iitwayo Outspan. Leo nataka tumjue mwanzilishi wake, Eric Sherbrooke Walker. Pengine tutaacha ule utani wa bwenini kwamba kazi ya hoteli ni ya waliofeli mtihani.

Walker alizaliwa Uingereza mwaka wa 1887. Ujanani alikuwa katibu wa Baden-Powell, mwasisi wa skauti. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia alirusha ndege, ikaangushwa, naye akafungwa Ujerumani. Alijaribu kutoroka si mara moja. Baadaye, Marekani ilipopiga marufuku pombe, yeye aliingiza pombe huko kwa magendo. Naam, magendo! Hata aliandika kitabu juu ya mambo hayo akitumia jina la bandia. Hapo, jamani, sisemi tumwige.

Mwaka wa 1926 alimwoa Bettie Feilding, binti wa ukoo wa kilodi. Wawili hao walikuja Kenya, na mwaka wa 1928 wakafungua Outspan karibu na mto Chania. Jina hilo maana yake ni kuwafungua ng'ombe nira baada ya safari ndefu, ili wapumzike. Tusisahau kwamba enzi hizo mzungu alipata ardhi na mwenyeji akapata kibarua.

Basi mwaka wa 1932 walijenga tawi la ajabu katika msitu wa Nyandarua: nyumba ya vyumba viwili juu ya mti wa mugumo, mti ambao wazee wetu waliuheshimu na kuuombea Mungu chini yake. Wakaiita Treetops. Ndovu waliwafukuza mafundi, kazi ikachelewa na gharama zikapanda.

Kuendesha nyumba mbili, moja mjini na nyingine mtini, si mchezo. Wageni walikula chakula cha mchana Outspan, kisha wakapelekwa kwa gari hadi msituni. Kipande cha mwisho walitembea kwa miguu, wakisindikizwa na mwindaji mwenye bunduki. Njiani kulikuwa na ngazi zilizopigiliwa mitini, ili ndovu akitokea kila mtu akwee upesi. Kosa dogo tu la mpango, na mgeni angeumia. Usiku ilikuwa kimya kabisa, wanyama wakija kunywa maji na kulamba chumvi.

Februari 1952 Elizabeth alilala huko. Usiku huo baba yake, Mfalme George wa Sita, alifariki Sandringham. Alipanda mtini akiwa binti mfalme, akashuka akiwa malkia bila kujua. Habari alizipata baadaye Sagana Lodge.

Miaka miwili baadaye, 1954, wapiganaji wa Mau Mau waliiteketeza Treetops. Kwa mgeni ilikuwa hoteli. Kwa mpiganaji ilikuwa jengo la mtawala ndani ya msitu wake. Walker hakukata tamaa. Mwaka wa 1957 alijenga nyingine, kubwa zaidi, ng'ambo ya bwawa. Alifariki mwaka wa 1976.

Je, tunajifunza nini? Kwanza, penye nia pana njia. Pili, na hili ndilo linalonikereketa, kidole kimoja hakivunji chawa. Vitabu humtaja Walker na malkia. Lakini nani aliyetimuliwa na ndovu akirudi tena kupigilia misumari? Nani aliyepika, akafua shuka, akabeba mizigo? Ni babu zetu. Siku mmoja wetu atakapokuwa meneja wa hoteli, kubwa au ndogo, na awataje wenzake kwa majina.