Fred Jones, fundi bila diploma aliyetia baridi mu kamyo

Bamama wenye kuuzisha samaki ya frigo ku soko mu Likasi banajua: ile samaki inatoka mbali. Inavuliwa mu bahari kule Namibia, inapandishwa mu kamyo, inapita Zambia, inaingia ku Kasumbalesa, inafika Lubumbashi, kisha inamaliza tena kilometa 120 mpaka kwetu. Jua inaipiga njia yote, lakini inafika ngumu kama jiwe. Leo tunasimulia maisha ya mtu ambaye bila yeye safari ile ingekuwa nguvu sana.

Frederick McKinley Jones, mtu mweusi, alizaliwa mwaka 1893 kando ya mto Ohio, Marekani. Mama yake alipotea angali mtoto mdogo. Baba alishindwa kumulea, akamuachia padri mukatoliki. Alipokuwa na miaka kama 11, Fred alikimbia, akaenda Cincinnati, akapata kazi ya kufagia mu garaje. Masomo yake iliishia pale. Lakini kila siku alikuwa anaangalia namna bafundi banafungua motere, na kisha miaka michache akawa yeye mwenyewe fundi.

Mu 1912 alihamia Hallock, mji mdogo wa Minnesota, karibu na mpaka wa Canada. Kule alitengeneza mashini za shamba kubwa. Vita ya kwanza ilimupeleka Ufaransa kama askari, na huko alitandika nyuzi za umeme na za simu. Aliporudi, alijengea mji wake radio, kisha mashini ya kutia sauti mu sinema. Ile mashini ilifanya mfanyabiashara mumoja wa Minneapolis, Joseph Numero, amuite kazini karibu mwaka 1930.

Inasimuliwa kwamba usiku mumoja wa joto kali Fred alikuwa mu gari yake kando ya ziwa. Kufunga vioo, joto, kufungua, mbu. Akaenda kusoma vitabu juu ya baridi, akachora mashini ya kutia baridi mu gari. Patron wake akaona ni bei sana, akakataa.

Mu 1938 shida ikarudi kwa njia ingine. Wenye kamyo walikuwa wanabeba nyama na barafu. Barafu ikiyeyuka, mali yote inaoza. Mashini za baridi zilikuwapo, lakini mitetemo ya barabara ilikuwa inazivunja. Fred aliunda moja yenye nguvu. Kwanza aliifunga chini ya kamyo, kisha akaipandisha mbele, juu ya shofere, mbali na matope. Hapo ndipo kampuni ya Thermo King ilianzia.

Inatumikaje? Kompresa inakamua gazi, gazi inapata moto, na ule moto unatupwa inje. Kisha gazi inaachiliwa, inapanuka, inakuwa baridi, na inavuta joto ya ndani. Fred aliongeza pia kipima-joto chenye kuwasha na kuzima motere yenyewe, bila mkono wa mtu.

Klima ya gari ya leo inafuata njia ile ile. Shofere anaandika 22. Vipimo vidogo vinaambia ordinatere ya gari joto ya ndani, ya inje, hata nguvu ya jua. Ordinatere inalinganisha, inaongeza ao inapunguza upepo, inachanganya hewa ya moto na ya baridi, inaamuru kompresa. Ikipuliza hewa kidogo, anza na filtre: vumbi ya njia zetu za migodi inaizibaka haraka.

Mu vita ya pili, mashini za Fred zilihifadhi damu, dawa na chakula cha baaskari. Mu 1944 alikubaliwa mu chama cha bainjenia ba baridi cha Marekani, mtu mweusi wa kwanza. Alikufa Februari 1961, akiacha hati za uvumbuzi zaidi ya 60. Medali ya taifa ilikuja mu 1991, miaka 30 kisha kuzikwa.

Kwa hiyo, mzazi, kama mtoto wako anafungua radio ya nyumba, usikimbilie fimbo. Muulize kwanza kama anajua kuirudisha.