Dag Hammarskjöld na kufuli iliyotengenezwa na mwengine

Huku Kolwezi, jina la Dag Hammarskjöld linajulikana sababu ya ndeke iliyoanguka karibu na Ndola, ngambo ya mpaka, mwaka 1961. Lakini ni wachache njo wanajua kama ndani yake mulikuwa mashini ya kuficha maneno. Ndugu msomaji, ile mashini inatufundisha kitu hata sisi wenye telefone mfukoni.

Hammarskjöld alizaliwa tarehe 29 Julai 1905 mu mji wa Jönköping, inchi ya Uswidi. Baba yake alikuwa waziri mkuu. Yeye alisoma Uppsala, akafanya kazi mu mambo ya feza ya serkali, kisha mwezi wa 4 mwaka 1953 ONU ikamuchagua katibu mkuu.

Tarehe 11 Julai 1960, Moïse Tshombe akatangaza kama Katanga imejitenga na Congo. Tarehe 13 Septemba 1961, vita ikalipuka Elisabethville kati ya askari wa ONU na wale wa Katanga. Katanga ilikuwa na ndeke ya vita, Fouga, yenye kutokea hapa Kolwezi kwenda kupiga ONU. Hammarskjöld akaamua kuonana na Tshombe kule Ndola ili bunduki zinyamaze.

Tarehe 17 Septemba ndeke yake, Albertina, ikatoka Léopoldville. Kwenye karatasi waliandika kama inaenda Luluabourg. Ikazunguka mbali upande wa mashariki kwa kuogopa Fouga. Lakini kule Ndola watu walikwisha kujua anakuja, wakawa wanamungojea. Usiku wa kuamkia tarehe 18 ikaanguka mu pori. Watu wote 16 walipoteza maisha, mumoja wao kisha siku chache mu hospitali. Wachoma makala wa pale waliokota mashini ile, na wakafungwa kwa ajili yake.

Iliitwa CX-52. Ilikuwa na magurudumu 6 yenye pini ndogo ndogo. Mwenye kutuma anapanga pini, kisha anazungusha mukono, na kila herufi inageuka: A ya kwanza inaweza kuwa M, A ya pili ikawa R. Mwenye kupokea lazima apange mashini yake vilevile. Ule mupango njo ufunguo. Adui anaweza hata kuwa na mashini sawa na yako. Bila ufunguo, anaona herufi za fujo tu.

Lakini nani alitengeneza kufuli yenyewe? Ni Boris Hagelin, Muswidi mwenzake, mwenye kampuni Crypto AG kule Uswisi. Inchi nyingi zilinunua mashini zake kwa kuamini Uswisi haina upande. Kumbe tangu miaka ya 1950 Hagelin alikuwa na mapatano ya siri na Wamarekani, na mwaka 1970 wapelelezi wa Marekani na Ujerumani wakanunua kampuni yote kwa kificho. Dunia ilijua wazi mwaka 2020.

Mohamed Chande Othman, aliyekuwa jaji mkuu wa Tanzania, alipopewa na ONU kazi ya kuchunguza kifo hiki, aliangalia pia kama maneno yaliyopita kwa CX-52 yangeweza kusikilizwa na wageni. Mpaka leo haijathibitishwa ni nini iliangusha Albertina.

Leo muchimbaji anauza mizigo yake na kupokea feza kwa telefone. Kode yake ya siri ni kama ule mupango wa pini: akiiambia mutu, kufuli imekwisha kazi, hata ikiwa nguvu namna gani. Mutu akikupigia na kusema yeye ni wa kampuni, anataka kode, kata simu. Na programu usiyojua imetoka wapi, usiiweke.

Hammarskjöld alificha maneno yake na njia yake. Lakini kufuli yake ilikuwa imetengenezwa na mwengine, na mahali alikuwa anaenda palijulikana.