Muuza vitambaa wa Delft, mbegu za kiume na suala la mama kuitwa shamba

Wadau, leo siasa naiweka pembeni kidogo. Juzi juzi nilisikia watu wazima wakibishana kwamba mtoto ni wa baba, mama ni shamba tu, mbegu ya mtu ikipandwa humo inaota. Nikajisemea, kumbe mzee Leeuwenhoek bado anaishi! Basi ngoja niwasimulie huyo mzee ni nani, maana ubishi huu yeye aliuingia miaka zaidi ya 300 iliyopita, tena akiwa na hadubini mkononi.

Antonie van Leeuwenhoek alizaliwa Delft, Uholanzi, Oktoba 1632. Baba yake alikuwa msuka vikapu, akafariki kijana akiwa bado mdogo kabisa. Alipofika miaka 16 akapelekwa Amsterdam kujifunza kazi kwenye duka la vitambaa. Mwaka 1654 akarudi kwao, akaoa, akafungua duka lake. Chuo kikuu hakukanyaga. Kilatini, lugha ya wasomi wote wa Ulaya wakati ule, hakukijua. Alizaa watoto watano na mkewe Barbara, wanne wakafa wachanga, akabaki binti mmoja tu, Maria. Barbara naye akafariki 1666. Shikeni hapo kwa Maria, tutamrudia.

Wauza vitambaa walitumia vioo vya kukuza kukagua nyuzi. Huyu bwana hakuridhika na vya dukani, akaanza kutengeneza vyake. Msifikirie hadubini ya maabara ya shule. Yake ilikuwa kidude cha kushika kiganjani: kibati cha shaba au fedha, katikati kuna kilenzi kidogo kama shanga, na mbele yake msumari wa kuchomekea unachotaka kuangalia. Unaikaribisha kabisa jichoni. Moja kati ya zilizobaki hadi leo inakuza kitu zaidi ya mara 250. Kwa mtu aliyejifundisha mwenyewe nyumbani, hiyo si mchezo!

Mwaka 1673 daktari mmoja kijana wa palepale Delft, Reinier de Graaf, aliwaandikia Royal Society ya London kuwaambia kuna muuza vitambaa huku anaona makubwa. Ndipo mzee akaanza kuwatumia barua kwa Kidachi cha mtaani, na hakuacha kwa miaka 50. Alieleza wadudu wadogo wa kwenye maji, wadudu wa kwenye utando wa meno, chembechembe za damu. Mwanzoni London walimtilia shaka, hadi 1677 Robert Hooke alipojaribu mwenyewe na kuviona.

Sasa tuje kwenye mada yenyewe. Mwaka huohuo wa 1677 mwanafunzi wa udaktari kutoka Leiden, Johan Ham, alimletea kichupa chenye shahawa za mgonjwa wa kisonono. Ham alikuwa ameona humo vidude vyenye mikia vinaogelea, akadhani ni uozo wa ugonjwa. Mzee hakuishia hapo. Akaenda kuchukua za mtu mwenye afya, yaani zake mwenyewe, na akawahi kuziangalia kabla hata mapigo sita ya moyo hayajapita. Viumbe vilikuwemo! Akakadiria kwamba ukivikusanya milioni moja havifikii ukubwa wa punje nene ya mchanga. Kwenye barua kwa rais wa Royal Society alijieleza kwa aibu zake zote kwamba shahawa hizo zilitoka kwenye ndoa yake halali na hakufanya dhambi yoyote kuzipata, na kwamba kama barua itawachukiza wasomi basi waifiche. Hawakuificha, ilichapwa 1679 kwa Kilatini. Baadaye akaona vilevile kwa mbwa, sungura, samaki na hata wadudu.

Mpaka hapo heshima zote kwake. Lakini jamaa hakuishia kwenye kuona, akaanza kutoa hukumu. Alisema mtoto mzima anatokana na hicho kidude chenye mkia, na kazi ya mama ni kukipokea na kukilisha tu. Aliamini hata kuwa anaweza kutofautisha vya kiume na vya kike.

Kinachouma ni kwamba jibu lilikuwa limeshaandikwa na rafiki yake. De Graaf, yuleyule aliyemtambulisha London, alitoa kitabu mwaka 1672 akieleza kwamba wanawake wana mayai kwenye ovari. Akafa mwaka uliofuata akiwa na miaka 32 tu, hayupo tena wa kumtetea. Leeuwenhoek akaangalia vile vifuko vya kwenye ovari akasema: vikubwa namna hii vitapitaje kwenye mrija mwembamba vile? Hesabu yake ya mrija ilikuwa sawa. Kifuko hakipiti kweli. Kinapasuka, na kinachotoka ndani yake ni yai, kitu cha karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, kama nukta ya kalamu. Mtu aliyeona bakteria wa kwenye meno asingeshindwa kuliona hilo. Kwa maoni yangu hakulitafuta kwa sababu alishajiridhisha kwamba halipo.

Halafu akaleta ushahidi wa sungura. Wafugaji wa kwao walikuwa wakipandisha dume la kijivu la porini kwa majike ya kufugwa yenye rangi nyingine, na vitoto vyote vinatoka vya kijivu kama baba. Umeona, akasema, mama hajaweka kitu! Leo mwanafunzi wa kidato cha nne atakwambia rangi ya kijivu inaifunika ile nyingine, na kwamba ukivipandisha hivyo vitoto vyenyewe kwa vyenyewe, rangi ya bibi inaibuka tena kwa wajukuu. Mendel alikuja kueleza mambo hayo kwa njegere mwaka 1866.

Nimtendee haki pia. Wapo waliodai wameona mtu mdogo amejikunja ndani ya mbegu, kichwa na miguu, na mmoja akachapisha hadi mchoro. Leeuwenhoek alimkatalia, kwa sababu yeye kwa macho yake hakumwona. Kwa alichokiona alikuwa mkweli kuliko wengi.

Yai la mnyama anayenyonyesha lilionekana 1827, ndani ya mbwa, na aliyeliona ni Karl Ernst von Baer. Mwaka 1876 Oscar Hertwig akaona kwa mnyama wa baharini aitwaye urchini kiini cha mbegu na kiini cha yai vinaungana. Hesabu mwenyewe ni miaka mingapi tangu barua ya 1677.

Na ukweli wenyewe uko hivi. Mwanaume anatoa mbegu mamilioni kwa makumi, mara nyingi hata mamia, ila zinazofika karibu na yai ni mamia tu. Zinaweza kuishi ndani ya mwanamke hadi siku tano, wakati yai linasubiri saa 12 hadi 24 tu. Hukutana kwenye mrija, si ndani ya mji wa mimba kama wengi wanavyodhani. Kila mmoja analeta kromosomu 23, nusu kwa nusu. Lakini yai linaleta na chakula cha siku za mwanzo pamoja na mitokondria, vile vinu vya nguvu vya seli, ambavyo wewe msomaji, mke kwa mume, umevipata kwa mama yako. Kwa hiyo ukianza kupima nani kaweka zaidi, mama ndiye anayezidi! Yai likisharutubishwa linagawanyika huku likisukumwa taratibu, linafika kwenye mji wa mimba baada ya siku tatu au nne, na kati ya siku ya 6 na ya 10 hivi linajishikiza ukutani. Hapo ndipo linaanza kutuma ndani ya damu ya mama ile homoni ambayo kipimo cha mkojo kinaikamata. Ndiyo maana ukipima kesho yake hutapata kitu.

Sasa turudi mitaani kwetu. Mwanamke hajapata mimba mwaka wa pili, mama mkwe ananuna, mawifi wanasema shamba halina rutuba, mke wa pili anatafutwa. Mume mwenyewe hajapimwa! Na katika ndoa zinazohangaika kupata mtoto, karibu nusu zina tatizo upande wa mwanaume, peke yake au pamoja na la mke. Kipimo chake ni kilekile alichofanya mzee wa Delft: shahawa kidogo chini ya hadubini. Wengine wanamfukuza mke kwa kuzaa wasichana watupu, wakati anayeamua jinsia ni mbegu ya baba, kwa kubeba X au Y. Hilo limejulikana tangu 1905, kwa kazi ya Nettie Stevens na Edmund Wilson.

Leeuwenhoek alifariki Agosti 1723 akiwa na miaka 90, akiwa bado anatuma barua kueleza ugonjwa wake mwenyewe. Aliyekaa naye nyumba moja miaka hiyo yote ni Maria, ambaye hakuolewa. Najiuliza kama mzee hakuwahi kumwangalia binti huyo mezani akaona sura ya marehemu Barbara. Maria ndiye aliyepeleka London kabati la hadubini 26 za fedha ambazo baba aliwaachia Royal Society, na ndiye aliyemjengea kaburi kanisani Oude Kerk. Mwenyewe akafa 1745. Zile hadubini 26 zilikuja kupotea zote mikononi mwa wasomi.