Yanaihara Tadao, Mkristo wa Japani aliyewatetea majirani

Tunapotaja Japani na vita kuu ya pili, wengi wetu tunakumbuka Hiroshima, na kwamba sehemu kubwa ya urani ya bomu lile ilichimbwa kwetu Katanga, Shinkolobwe. Hatukumbuki sana kwamba Japani yenyewe ilikuwa mkoloni. Ilichukua Taiwan mwaka 1895, Korea mwaka 1910, na mwaka 1931 jeshi lake likaingia Manchuria, kaskazini mwa China. Wajapani wengi walifundishwa kuwaona majirani hao kama watu waliobaki nyuma, wadogo zao ambao walipaswa kuacha lugha yao na desturi zao ili wafanywe Wajapani. Makanisa pia yaliamini hivyo, siyo yote, lakini mengi.

Yanaihara Tadao alizaliwa mwaka 1893 katika mkoa wa Ehime. Akiwa mwanafunzi Tokyo alijiunga na darasa la Biblia la Uchimura Kanzo, mwalimu ambaye wafuasi wake hawakuwa na dhehebu wala wachungaji waliowekewa mikono. Sisi tulio ndani ya jumuiya za kanisa huenda tusikubaliane nao kwa jambo hilo. Lakini kusoma Maandiko walisoma kweli.

Alipomaliza chuo kikuu mwaka 1917 alifanya kazi kwa muda kwenye machimbo ya shaba ya Besshi. Mwaka 1920 aliitwa kufundisha katika Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tokyo, na somo alilopewa lilikuwa siasa ya makoloni. Angeweza kulifundisha akiwa amekaa ofisini, kama wengine. Yeye alitaka kwenda kuona.

Alikwenda Korea, na mwaka 1926 aliandika kwamba Wakorea wanatawaliwa pasipo sauti yoyote, na kwamba wapewe bunge lao. Mwaka 1927 alikwenda Taiwan, akisaidiwa na Cai Peihuo, Mkristo wa kisiwa hicho aliyekuwa akidai bunge kwa ajili ya watu wake. Huko alichunguza habari ya miwa. Kila kiwanda cha sukari kilikuwa kimegawiwa eneo lake, na mkulima wa eneo hilo hakuruhusiwa kuuza miwa yake mahali pengine. Bei ilipangwa na kampuni. Mkulima alikuwa na shamba, alikuwa na mavuno, lakini hakuwa na soko. Msomaji wetu anayelima anajua maana yake bila kuelezwa zaidi. Yanaihara aliandika yote hayo, pamoja na hesabu zake, katika kitabu kilichotoka mwaka 1929. Serikali ilikataza kitabu hicho kisiingie Taiwan.

Mwaka 1932 alisafiri Manchuria. Gari-moshi lake lilishambuliwa na majambazi njiani kuelekea Harbin, naye akatoka salama. Aliporudi alizidi kusema wazi.

Vita na China vilipowaka mwaka 1937, aliandika makala akitumia nabii Isaya kuonyesha kwamba taifa lipo kwa ajili ya haki, na kwamba kuwaonea wanyonge ni kuiua haki hiyo. Makala hiyo ilifutwa. Muda mfupi baadaye, katika hotuba ya kumkumbuka rafiki aliyefariki, aliomba wasikilizaji waizike Japani kwa muda, ili mema yaliyokusudiwa kwake yapate kuishi. Mwezi wa Desemba akalazimika kuacha kazi ya chuo.

Baada ya hapo alitoa gazeti dogo la mafundisho ya Biblia na kufundisha vijana wachache. Pia alitafsiri kwa Kijapani kumbukumbu za Dugald Christie, daktari mmisionari kutoka Scotland aliyewatibu Wachina wa Mukden kwa miaka mingi. Tafsiri ilitoka mwaka 1938, wakati askari wa Japani wakiwa bado wanapigana China. Sisi tunaona kazi hiyo ilisema mengi: Wajapani wasome jinsi mgeni anavyoweza kuingia Manchuria bila bunduki.

Mwaka 1939 aliwakaripia Wakristo wenzake kwa sababu walimpokea kwa heshima mkutanoni jenerali aliyeongoza jeshi lililoteka Nanjing, ambako watu wengi sana waliuawa na wanawake kunajisiwa. Na mwaka 1940, wakati Wakorea walipokuwa wakishurutishwa kuchukua majina ya Kijapani na kuinama mbele ya mahekalu ya Shinto, alikwenda Seoul akafundisha Waraka kwa Warumi kwa siku tano. Alifundisha kwa Kijapani, lugha ya watawala. Hapo pana uchungu, na hatutaki kuuficha. Tena katika maandiko yake ya miaka hiyo alidai bunge na haki kwa makoloni chini ya Japani. Hakuita waziwazi uhuru kamili. Wakorea na Wataiwan walihitaji zaidi ya hayo.

Vita vilipokwisha mwaka 1945 chuo kilimwita arudi, na kuanzia 1951 hadi 1957 alikuwa mkuu wake. Alifariki siku ya Krismasi, mwaka 1961. Kile kitabu chake kilichozuiliwa kuingia Taiwan kilikuwa kimekwisha kutafsiriwa kwa Kichina, na Wataiwan walikuwa wakikisoma kwao.